Maswali ya Wasomaji: Mashine ya kurekodi televisheni na kuokoa kanda za nyumbani

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Makorora. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaandika kuomba ushauri kabla sijatoa fedha mfukoni. Marehemu mume wangu alituachia kabati lenye kanda za video thelathini na saba, za kuanzia mwaka 1989 hadi 2003. Humo mna harusi za watoto wetu, maulidi ya mtaani, mahafali ya shule niliyofundisha, ngoma za akina mama na mechi kadhaa zilizochezwa Mkwakwani. Deki yetu bado inawaka, lakini nikiingiza kanda huitema. Pamoja na hayo, napenda taarabu na vipindi vya historia ya pwani, ambavyo mara nyingi hurushwa usiku nikiwa nimekwisha lala, na ningependa vibaki kwa ajili ya wajukuu. Nimezunguka madukani Ngamiani. Muuzaji wa kwanza amenionyesha mashine iliyotumika ng'ambo, yenye mlango wa kanda na mlango wa diski ya DVD. Wa pili amenipa king'amuzi chenye tundu la flashi, akasema kinarekodi. Wa tatu ana kitu anachokiita DVR, chenye diski kubwa ndani yake. Kila mmoja anaapa kwamba chake kitamaliza kazi zote mbili. Nichukue kipi?

Mwalimu mstaafu, Makorora, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa mzunguko wa madukani. Jambo uliloliuliza huulizwa na wengi hapa Tanga, ingawa wachache hulieleza kwa ukamilifu kama ulivyolieleza wewe, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Ushauri wangu ni kwamba usitafute chombo kimoja kwa kazi mbili. Kunasa kipindi kinachopita hewani usiku ni kazi moja, na kuiokoa picha iliyolala ndani ya kanda tangu mwaka 1989 ni kazi nyingine, na kila moja ina chombo chake. Kwa kazi ya kwanza chukua king'amuzi chenye tundu la flashi, baada ya kukijaribu kwa namna nitakayoieleza hapa chini. Kwa kazi ya pili usinunue kitu chochote kabla fundi hajaifungua na kuitazama deki uliyo nayo. Ikiwa fedha haitoshi kwa yote mawili, anza na kanda, kwa sababu taarabu itarushwa tena juma lijalo, lakini harusi ya mwanao haitachezwa upya.

Hiyo DVR ya muuzaji wa tatu iache dukani. Ukiigeuza nyuma utaona matundu ya duara ya chuma yanayofungwa kwa kuzungusha. Hayo ni ya waya za kamera za ulinzi, zile zinazowekwa getini na kwenye maghala. Haina mahali pa antena wala pa kanda. Muuzaji huenda hakukusudia kukudanganya, kwa kuwa jina hilo la DVR hutumika kwa vyombo vya aina nyingi, lakini kwa haja yako hakifai.

Mashine yenye milango miwili inahitaji maelezo zaidi, maana yenyewe si mbaya, ila ilitengenezwa kwa zama nyingine. Deki ya zamani ilikuwa na sikio lake: uliuchomeka waya wa antena nyuma, ukaitafutia stesheni, ukaiwekea saa, nayo ikajiwasha usiku na kurekodi wewe ukiwa umelala. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 stesheni zetu za kwanza zilipoanza kurusha, na kwa miaka mingi baada ya hapo deki za namna hiyo zilitutosha. Mambo yalibadilika tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, na Tanga ikawa miongoni mwa miji iliyofuata mwaka 2013. Tangu hapo sikio la deki ya zamani halisikii kitu hewani isipokuwa chenga. Mashine za DVD zilizotoka Ulaya miaka ya mwisho zina sikio la dijitali, lakini nyingi ni za mfumo wa DVB-T, ilhali matangazo yetu ya antena hurushwa kwa mfumo uliofuata wa DVB-T2, ambao mashine ya mfumo wa kwanza haiuelewi hata kidogo.

Maana yake ni kwamba mashine hiyo ikiwa nyumbani kwako itarekodi tu kile ambacho king'amuzi kinaipelekea kupitia waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu. Ukitaka kipindi cha saa sita usiku itakubidi ukiache king'amuzi kikiwa kimewashwa kwenye stesheni ile ile, uweke saa ya mashine ya pili, kisha uombe umeme usikatike. Ukikatika hata kwa dakika moja, saa za mashine nyingi za aina hiyo hupotea, na asubuhi utakuta diski tupu. Kama kurekodi televisheni kungekuwa ndiyo haja yako peke yake, ningekuambia uiache mashine hiyo bila kusita. Faida yake iko upande wa kanda, na huko nitarudi.

Sasa king'amuzi. Uzuri wake ni kwamba hakiichori picha upya. Hukamata matangazo yale yale ya dijitali yaliyofika kwenye antena au dishi na kuyamwaga kwenye flashi au diski kama faili, hivyo utakachokiona baadaye ni sawa na kilichopita hewani. Saa yake huja pamoja na matangazo, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi hujirekebisha chenyewe. Nafasi inayotumika si kubwa: stesheni ya kawaida inayorusha kwa megabiti 3 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.35 kwa saa, na stesheni ya HD yenye megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6. Diski ya terabaiti 1 basi itabeba saa zaidi ya mia mbili na sabini za HD. Usishtuke ukikuta kipindi kirefu kimekatwa vipande viwili au vitatu. Flashi nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja lizidi gigabaiti 4, na vipande hivyo vikifika kwenye kompyuta huunganishwa bila kupotea kitu. Ving'amuzi vingi vya bei nafuu vina kipokezi kimoja tu, kwa maana kwamba vikirekodi stesheni moja mara nyingi huwezi kuangalia nyingine wakati huo huo. Kwa mtu anayerekodi akiwa amelala, hilo si tatizo.

Tatizo liko kwingine, na ndilo ninalokusihi ulishike kuliko yote. Muuzaji akikuambia kwamba king'amuzi kinarekodi, atakuwa anasema kweli. Muulize swali la pili: rekodi hiyo itatoka?

Nauliza hivyo kwa sababu yalinikuta. Kwa miezi kumi na minne nilirekodi mazungumzo ya wazee wa mwambao yaliyokuwa yakirushwa kila juma, kuhusu uundaji wa majahazi, majina ya pepo na njia za baharini kati ya huku na Pemba. Nilivipanga vipindi kwenye diski ya nje kwa tarehe, nikaona nimejenga maktaba. Usiku mmoja wa masika radi ilipiga na king'amuzi kikaungua. Nikanunua kingine cha aina ile ile, chenye namba ile ile, nikachomeka diski yangu. Orodha ya majina ilijitokeza yote, kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, lakini kila nilipobonyeza nilipata skrini nyeusi. Rekodi zilikuwa zimefungwa kwa ufunguo uliokaa ndani ya kile king'amuzi kilichoungua. Diski ilikuwa nzima, faili zilikuwa nzima, na hakuna fundi aliyeweza kunifungulia hata moja. Baadhi ya wazee wale hawapo tena duniani.

Kwa hiyo, Mwalimu, usinunue mbuzi kwenye gunia. Nenda dukani na flashi yako na mjukuu mwenye laptopu. Mwombe muuzaji akiwashe king'amuzi, arekodi dakika kumi za stesheni ile hasa unayoipenda, kisha mjukuu aichomoe flashi na kuifungua kwenye laptopu kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure na husoma karibu kila aina ya faili la video. Picha ikicheza na sauti ikisikika, nunua. Ikiwa laptopu haioni chochote au inaonyesha faili lisilofunguka, king'amuzi hicho kinafaa kwa kuangalia kesho kipindi cha leo, lakini hakifai kwa kumwachia mjukuu urithi. Fanya jaribio hilo mara mbili, kwa stesheni isiyolipiwa na kwa stesheni ya kifurushi, kwa kuwa kuna ving'amuzi vinavyoziacha wazi rekodi za kwanza na kuzifunga za pili, na vingine hukataa hata kuonyesha rekodi ya zamani kifurushi kikiisha. Jambo moja la umeme pia: tundu la kawaida la USB la mfumo wa 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na diski ya nje isiyo na waya wake wa umeme inaweza kuzimika katikati ya kurekodi. Chagua diski yenye umeme wake, au tumia flashi kwa kunasia na kuhamisha kila mwisho wa juma.

Tuje kwenye kabati la marehemu.

Kabla ya kufikiria mashine, chukua kanda moja ukae nayo karibu na dirisha. Ukingo wake mmoja mrefu una kifuniko chembamba chenye bawaba, na ubavuni pana kitufe kidogo kisichozidi punje ya mtama. Ukikibonyeza kwa ukucha, kifuniko huinuka na utaona utepe mweusi unaong'aa. Usiuguse kwa kidole, mafuta ya ngozi huuharibu. Kirudishe kifuniko, kisha tazama kupitia vidirisha viwili vya juu, pale unapoona utepe umezungushwa kwenye magurudumu. Unapaswa kuwa mweusi na laini kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kibichi. Ukiona vumbi jeupe kama unga wa muhogo, au nyuzi nyeupe zinazotambaa kama mizizi, huo ni ukungu, na kanda hiyo isiingizwe kwenye deki yoyote kabla haijasafishwa, kwa kuwa itachafua vichwa vya kusomea na deki itaupeleka ukungu huo kwenye kanda inayofuata. Sisi wa pwani tunaishi na unyevu mwaka mzima, na gundi inayoushikilia unga wa sumaku juu ya utepe hunyonya maji ya hewani hadi ikalainika. Zitenge kanda zako mafungu mawili leo hii, safi na zenye ukungu, na uzisimamishe kama vitabu badala ya kuzilaza. Kila moja vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni, ili pasiwe na mtu wa kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Deki inayotema kanda kwa kawaida haijafa. Mara nyingi mkanda wake wa mpira umelegea, au gurudumu la kuvutia utepe limechakaa, au kuna uchafu mahali ambapo mashine huhisi kwamba kanda imeingia. Fundi anayejua kazi atafungua, atasafisha kwa spiriti na kubadilisha mpira. Mwambie asiguse kwa nguvu lile pipa la chuma linalozunguka, maana ndilo lenye vichwa vya kusomea. Katika PAL, mfumo wa picha za televisheni tuliokuwa tukiutumia huku kwetu, huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na vichwa vyenyewe ni vyembamba mno, tena havipatikani tena kwa urahisi. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na tangu hapo deki mbovu mara nyingi huponywa kwa viungo vya nyingine iliyokufa. Ndiyo maana mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwa wenye hifadhi za kanda za sumaku duniani kote: kanda yenyewe inaweza kuvumilia, lakini mashine za kuisomea zinatoweka, na waliobaki wakijua kuzitengeneza wanazeeka.

Deki ikipona, jaribu kwanza kanda usiyoijali. Iache icheze dakika tano, irudishe nyuma, itoe, uutazame utepe kama haujakunjwa. Baada ya hapo ndipo uzipe zamu kanda za thamani. Ninachokipendekeza kwako ni kifaa kidogo cha kunasia picha, chenye matundu ya AV upande mmoja na kichwa cha USB upande wa pili, kinachochomekwa kwenye laptopu. Deki hupeleka picha kwa zile waya tatu, kifaa huigeuza kuwa dijitali, na programu ya bure kama OBS Studio huihifadhi moja kwa moja kama faili. Mwambie mjukuu aweke ukubwa wa 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde, ambavyo ni vipimo vya PAL. Asishawishike kuinyoosha iwe ya HD, kwa kuwa kanda ya VHS haina picha ya kutosha kujaza nafasi hiyo. Ukubwa wa faili utaongezeka na uso wa bibi harusi hautaonekana vizuri zaidi. Vifaa vya bei ya chini kabisa vina kasoro ya kuiacha sauti nyuma ya picha kanda inapoendelea, basi katika kanda ya kwanza tazama dakika za mwisho: kama midomo na maneno vimeachana, kirudishe dukani.

Ikiwa nyumbani hakuna kompyuta wala wa kuitumia, hapo ndipo ile mashine ya milango miwili inapopata nafasi. Soma kibandiko chake cha nyuma. Kikiandikwa volti 220 hadi 240 na PAL, inafaa. Kikiandikwa volti 100 au 120 na NTSC, mfumo wa picha wa nchi nyingine, huenda imetoka Japani au Marekani. Itadai transfoma, na kanda zako za PAL zitachezacheza kwenye skrini au hazitaonekana kabisa. Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, ambazo kwa ubora wa kuridhisha ni saa 2. Kanda zilizoandikwa E-180 ni za saa 3, hivyo tumia diski mbili kwa kanda moja, wala usikubali kuibana yote kwenye diski moja kwa ile hali ya saa 6, kwa kuwa picha itavunjika vipande vipande kila mchezaji ngoma anapozunguka. Ukimaliza kila diski, toa amri ya kuikamilisha (finalize), la sivyo mashine nyingine haitaisoma. Hata hivyo diski hizo zisiwe kituo cha mwisho. Zipelekwe kwa mwenye kompyuta azinakili kwenye diski ngumu, maana za kuchoma nyumbani zikikaa kwenye joto na mwanga hufifia baada ya miaka.

Wapo vijana wa mjini wanaopiga picha za harusi ambao hufanya kazi hii kwa malipo, na wengine huifanya kwa uangalifu. Ukienda kwao, wape kanda moja tu kwanza, dai faili na si DVD peke yake, na hakikisha kanda imerudi mkononi mwako kabla hujatoa ya pili.

Hesabu ya nafasi na muda isikutishe. Kanda thelathini na saba zikiwa na wastani wa saa mbili na nusu ni kama saa 92. Kwa megabiti 8 kwa sekunde zitachukua takriban gigabaiti 335, kwa hiyo diski moja ya terabaiti 1 itazibeba zote na vipindi vyako vya taarabu vikapata nafasi. Kanda haiharakishwi: ya saa tatu huchukua saa tatu. Ukifanya tatu kwa juma, utamaliza kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Na katika miezi hiyo mitatu kuna kazi moja ambayo hakuna mashine wala mjukuu atakayeiweza isipokuwa wewe. Keti mbele ya kila kanda inapocheza ukiwa na daftari la shule. Andika dakika na jina: dakika ya kumi na mbili, anayepiga msondo ni nani, dakika ya arobaini, mama aliyevaa leso nyekundu ni mke wa nani, alitoka mtaa gani, wimbo anaouanzisha unaitwaje. Katika kanda za mahafali, wataje wanafunzi unaowakumbuka na walimu wenzako waliokwisha kutangulia. Nimewahi kupewa kanda safi kabisa, yenye rangi kama ya jana, ya ngoma iliyochezwa uwanjani mbele ya watu wengi, na katika familia nzima iliyonipa hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kuniambia ilikuwa mwaka gani, wapi, au ya nani. Picha ilikuwa imeokolewa, ila watu waliomo walikuwa wamepotea. Kila faili lipe jina linaloanza na mwaka na mwezi, kisha tukio na mahali, kwa mfano 1994-08 harusi Makorora, ili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Daftari nalo lipigwe picha kurasa zote, na picha hizo ziwekwe kwenye diski hiyo hiyo.

Mwisho nunua diski mbili, si moja. Moja ikae kwako, ya pili ikae kwa mtoto anayeishi mji mwingine, ili moto, maji au mwizi asichukue vyote kwa siku moja. Ziwasheni kila baada ya miezi sita mwone kama zinasomeka. Kanda zenyewe usizitupe. Zikae kabatini zikiwa kavu, nazo ni nakala ya tatu.

SWALI: Nina kibanda cha kuonyesha mpira Raskazone. Je, nikirekodi mechi na tamthilia kwa king'amuzi changu ninaweza kuwauzia wateja kwenye flashi?

Msomaji, Raskazone

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kurekodi ili uangalie mwenyewe na watu wa nyumbani kwako ni jambo moja, kurudufu na kuuza kazi ya mtu mwingine ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mwenye kazi, awe mtunzi, mwimbaji au kituo kilichoirusha. Ukitaka kuonyesha au kusambaza kwa malipo, tafuta kwanza ruhusa ya mwenye haki. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndipo mahali pa kuanzia kuuliza.

SWALI: Nilinunua flashi ya terabaiti 2 kwa bei nafuu sana, nikaitumia kurekodi vipindi kwa mwezi mzima. Vipindi vya mwanzo vinacheza, lakini vyote vya baadaye vina majina tu, havifunguki. King'amuzi ni kibovu?

Msomaji, Pangani

JIBU: King'amuzi chako huenda hakina kosa. Dalili ulizozieleza ni za flashi iliyochezewa, ambayo ndani ina nafasi ndogo, pengine gigabaiti 32 au 64, lakini imefundishwa kujitangaza kuwa ni ya terabaiti 2. Ukifika mwisho wa nafasi yake ya kweli haisemi kwamba imejaa. Inaendelea kupokea huku ikifuta au ikitupa, na majina ya faili ndiyo pekee yanayobaki. Vipindi hivyo vya baadaye havitarudi, pole sana. Hamisha leo vile vinavyocheza uviweke kwenye diski ngumu, kisha usiiandikie tena flashi hiyo.

Utakaponunua nyingine, ijaze yote siku hiyo hiyo kwenye kompyuta kabla ya kuitumia, kwa kunakili faili kubwa hadi isipokee tena, halafu fungua faili la mwisho kabisa. Likicheza mpaka mwisho, flashi ni ya kweli. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya jaribio hilo yenyewe na kukuambia nafasi halisi ni kiasi gani. Kwa ukubwa wa terabaiti na kuendelea, achana na flashi kabisa ununue diski ngumu. Muuzaji akikataa kukuandikia risiti yenye ukubwa wa kifaa na neno kwamba atakirudisha kikishindwa jaribio, nenda duka la pili.